Maiti Juu ya Mstari wa Njano

Maiti ilikutwa Jumamosi, saa nane mchana, chini ya ngazi inayounganisha ukumbi wa treni za kawaida na ukumbi wa treni ya kasi, ndani ya Park Station. Kichwa kilikuwa upande huu wa mstari wa njano, miguu upande ule. Mstari huo ulipakwa sakafuni ili kila kampuni ijue kazi yake ya kufagia inakomea wapi, na siku hiyo ndio uliochelewesha kila kitu. Walinzi wa treni ya kasi walisema marehemu si wao, kwa kuwa kavaa kizibao cha rangi ya machungwa cha treni za kawaida. Wa treni za kawaida walisema kizibao ni chao lakini ngazi si yao. Karani wa mabasi ya mbali, ambaye dirisha lake linatazama pale pale, alisema kampuni yake haina ngazi hata moja, kisha akashusha pazia.

Basi mtu akabaki amelala pale, damu ikimkaukia kisogoni, huku watu wazima wenye redio mikononi wakitupiana mpira. Abiria wenye haraka zao walimzunguka na masanduku yao. Aibu ile ilikuwa ya wote, na kama kawaida ya aibu za namna hiyo, hakuna aliyeichukua.

Sajini Mathebula alipofika, alivuka mstari bila kuutazama. Aliona mambo matatu. Marehemu alianguka kinyumenyume. Kifungo cha shati lake, kifuani, kilikuwa kimenyofolewa pamoja na kipande cha kitambaa, maana yake aliyemsukuma alikuwa amesimama mbele yake na amemshika. Na simu yake haikuwapo. Beji shingoni ilisema Ruphin, na walinzi wawili wa zamu, mmoja wa Soweto na mwingine wa Limpopo, waliitazama sura wakaitikia kwamba ndiye, Ruphin, Mkongo. Sajini akaandika, na maiti ikapelekwa kwenye nyumba ya maiti ya serikali kwa jina hilo.

Kamera hazikusaidia. Za treni ya kasi zilitazama mstari wao na si hatua moja zaidi, na za treni za kawaida zilitazama mageti ya tiketi. Ngazi yenyewe haikuonwa na mtu, kwa sababu kila kampuni iliamini ni ya mwenzake. Anayefanya kazi mle ndani aliweza kulijua hilo, mpita njia asingeweza.

Hata hivyo aliyekamatwa kwanza alikuwa Twalib, Mtanzania wa Tanga anayeuza mikanda na chaja juu ya ngazi ile. Siku mbili nyuma alikuwa amegombana na Ruphin mbele ya watu, baada ya Ruphin kumnyang'anya meza. Sajini hakujua Kiswahili, kwa hiyo saa tisa na nusu akampigia Joséline.

Joséline alikuwa mkalimani wa mahakama, mwanamke wa Bujumbura aliyezidi miaka hamsini, anayeishi mtaa wa Berea. Alikuwa na ulimi mkali aliouweka akiba kwa ajili ya saa za nje ya kazi. Kazini alisema maneno ya watu wengine tu, na kwa miaka mingi ya kuyasema alikuwa amejifunza kusikiliza kuliko waliolipwa kusikiliza. Sajini alimwita mama, naye alimwita mwanangu pale alipokuwa anakaribia kumgombeza.

"Mama, nilimtukana, sikatai," Twalib alisema katika chumba cha walinzi. "Lakini leo hata sikumwona huyo mgomvi wangu. Aliyekuwa zamu leo ni yule mpole, yule anayenitonya nihamishe meza kabla wakubwa hawajapita."

Joséline alimuuliza huyo mpole anaitwaje.

"Ruphin. Wote wawili wanaitwa Ruphin."

Alitafsiri neno kwa neno. Sajini akasema eish, mama, Wakongo wangapi wanaitwa Ruphin, akaamuru Twalib apelekwe mahabusu. Joséline aliliweka lile jibu moyoni, akawa analo kama jiwe ndani ya kiatu.

Aliyefuata kuhojiwa alikuwa msimamizi wa walinzi wa treni za kawaida, Thierry, mtu wa Bukavu, mrefu, mzee wa kanisa, aliyevaa koti la suti juu ya sare. Walinzi walimwita Shefu, yaani mkubwa wao. Sajini alimpenda papo hapo kwa sababu ya Kiingereza chake kizuri. Thierry alieleza kwamba saa nane alikuwa kwenye jukwaa la treni za mbali, akimsaidia abiria mizigo. Abiria gani, hakumjua jina. Joséline akamuuliza kwa Kiswahili kama aliiona maiti.

"Sikumuona," alisema Thierry. "Nilifika, banakwisha mufunika. Banasema mu redio ni Ruphin. Na zamu ya leo ilikuwa ya Ruphin. Nilishika kichwa, mama, nikasema masikini bibi yake."

Habari zilifika Berea kabla ya polisi. Saa kumi na moja jioni, Joséline na Sajini walipopanda ngazi za jengo la Ruphin, viti na kochi vilikuwa vimekwisha tolewa koridoni, na wanaume walikuwa wamevikalia wakizungumza chinichini. Ndani, godoro lilikuwa limelazwa sakafuni, na juu yake alikaa Falonne, mke wa Ruphin, kitenge kimefungwa kiunoni, macho yamevimba. Wanawake walimzunguka wakiimba tenzi za kanisa. Falonne alisema mumewe alitoka asubuhi kwenda kazini kama siku zote, na simu yake haipatikani. Sajini alipotaka kumwonyesha picha ya marehemu, kina mama walimkinga Falonne kwa vitenge vyao na kumwambia Joséline kwamba kijana huyu ajifunze adabu kwanza. Joséline alitafsiri nusu tu ya hayo.

Alikwenda jikoni kutafuta maji. Wanawake wawili walikuwa wakipika. Mmoja ni Nasra, jirani wa ghorofa ya chini, mjamzito wa miezi ya mwisho, aliyekuwa akikata vitunguu huku ameegemea ukuta kwa maumivu ya mgongo. Wa pili ni Jeannine, msusi wa Joubert Park, rafiki mkubwa wa Falonne, aliyekuwa akikoroga sufuria kubwa la maharage kwa upawa. Jeannine alimwambia Joséline kwamba mume wake, Placide, naye ni mlinzi pale pale stesheni, ila leo yuko mazoezi ya kwaya, na huko simu huzimwa. Atakapotoka atalia sana, alisema, maana yeye na Ruphin ni kama watoto wa tumbo moja.

Hapo Thierry akaingia. Aliwapita wanaume wote koridoni, akafika mpaka jikoni, mahali ambapo mwanamume haingii siku ya kilio. Alimtazama Jeannine na sufuria lake. Kisha akautoa ule upawa mkononi mwake, taratibu.

"Wacha, Mama Gaëlle. Leo usipike," alisema. Gaëlle ni binti wa Jeannine. "Kuya ukae."

Alimpa Nasra upawa, akamshika Jeannine mkono, akampeleka sebuleni, na wanawake wakasogea ili akae godoroni kando ya Falonne. Jeannine alishangaa kidogo, akashukuru. Joséline alifikiri: afadhali huyu ana huruma. Akachukua bilauri yake ya maji.

Haukupita muda mrefu, marehemu akaingia mlangoni na mfuko wa mkate.

Viatu vya Ruphin vilikuwa na madoa ya rangi nyeupe. Alisimama kizingitini akitazama godoro, akatazama watu, akauliza nani amekufa. Falonne alimtazama kwa muda, kisha akapiga ukelele ulioshusha watu kutoka ghorofa ya juu. Mwanamke mmoja alikimbia. Wengine walimgusa Ruphin mikono na mabega, na mzee mmoja alilia waziwazi kwa furaha. Katikati ya kelele hizo Ruphin alijitetea: alikuwa Randburg akipaka rangi nyumba ya mtu, kibarua ambacho hakutaka mkewe akijue, kwa kuwa Falonne alikwisha mkataza kuhatarisha kazi ya stesheni. Simu iliishiwa chaji.

"Na zamu yako?" Joséline aliuliza.

"Nilimuomba Placide anishikie. Asubuhi, kwa simu. Placide njo alikuwa..."

Watu waligeuka kumtazama Jeannine, mmoja baada ya mwingine. Alikuwa amekwisha kaa godoroni. Hakuna aliyehitaji kumhamisha, wala viti havikuhitaji kutolewa upya. Falonne, ambaye sasa hivi alikuwa akiruka kwa furaha, aliionea haya furaha yake, akaketi tena chini akamkumbatia rafiki yake.

Sajini alimtia Ruphin pingu pale pale. Kwake mambo yalikuwa wazi: watu wawili, jina moja, mmoja amekufa na mwingine amejificha kutwa nzima. Ruphin alihojiwa katika gari la polisi huku Joséline akitafsiri, na alisema yote bila kuvutwa. Yeye alikuwa na karatasi za ukimbizi na cheti cha ulinzi. Placide, aliyefika nchini baadaye, hakuwa navyo. Shefu Thierry ndiye aliyewapangia: wote wawili wafanye kazi kwa jina la Ruphin, beji moja inayoachwa stesheni, wakipokezana siku, na yeye apate chake. Huko ofisini hakuna aliyewahi kutazama picha ya beji mara mbili.

"Kwa bale ba ofisi, siye wote ni Mukongo mumoja," Ruphin alisema. "Miaka tatu, hakuna mutu aliona."

Sajini alitaka kucheka, akaona uso wa Joséline, akaacha.

Walirudi kumhoji Jeannine. Hakulia. Alisimulia kwa sauti ya chini kwamba kwa miaka mitatu mumewe aliitika jina la mtu mwingine. Siku moja Gaëlle alikwenda stesheni kumpelekea chakula, akasikia watu wanamwita baba yake Ruphin, na nyumbani akauliza kwa Kiingereza kama baba ana siri mbaya. Placide hakula usiku ule. Lakini wiki hii karatasi zake zilitoka, na cheti chake cha ulinzi pia. Jumatatu alikuwa aende ofisi kuu kujiandikisha upya.

"Alikuwa anaimba mu bafu," Jeannine alisema. "Anasema, Jumatatu bataniita Placide. Nilimucheka. Sasa, mama, uniambie. Nitamuzika na jina ya nani?"

Joséline alilipeleka swali kwa Sajini, naye akajibu kwa ukweli. Marehemu ameandikishwa kama Ruphin. Kulibadilisha jina kunahitaji Ruphin mwenyewe aape kwa maandishi kwamba aliazima beji yake. Akiapa, atamwaga unga, na karatasi zake za ukimbizi huenda zikafutwa. Asipoapa, Placide atazikwa kwa jina la mtu aliye hai, na kwa sheria mjane hana haki hata ya kuchukua maiti. Falonne alisikia yote. Mkono wake ulitoka begani kwa Jeannine.

Jumapili asubuhi mwenye nyumba wa Randburg alithibitisha kwamba Ruphin alipaka rangi kutwa nzima mbele ya macho yake. Sajini akamwachia. Akabaki na Twalib mahabusu na hoja ya wizi wa simu, hoja ambayo mwenyewe hakuiamini.

Joséline hakwenda kanisani. Alikwenda kwenye kilio kile kile, ambacho sasa kilikuwa cha Jeannine. Alipoingia jikoni alimkuta Jeannine huko huko. Alikuwa ameondoka godoroni, pengine kwa kuchoka kutazamwa, akaushika upawa kwa mazoea ya mikono yake. Bibi mmoja wa Uvira alimfuata upesi, akautoa upawa mkononi mwake, taratibu.

"Mufiwa hapiki," alisema yule bibi. "Ni mbaya. Kuya ukae."

Joséline alisimama na kikombe chake. Alikuwa ameuona mkono ule jana, ukifanya jambo lile lile, kwa maneno karibu yale yale. Kwao Bukavu, Uvira, hata kwake Bujumbura, mtu aliyefiwa hashiki chungu wala moto, wengine humpikia. Kila mtoto wa huko hulelewa hivyo, na mtu aliyelelewa vizuri hawezi kumtazama mjane akiwapikia wageni wa kilio cha mumewe mwenyewe. Ila jana, saa ile, Jeannine hakuwa mjane wa mtu yeyote. Hakuna aliyejua kwamba amefiwa. Hata yeye mwenyewe hakujua.

Alimpigia Sajini, akamweleza mara mbili. Sajini akauliza kama anataka ampelekee hakimu upawa.

"Hapana, mwanangu," Joséline alisema. "Nataka uje ukae hapa, unyamaze, nikutafsirie."

Thierry alifika baada ya ibada na wazee wenzake wa kanisa, Biblia kwapani. Waliomba. Walipomaliza, Joséline akamkaribisha akae kwenye kiti pekee kilichobaki chumbani, akamwambia Sajini ana maswali machache ya kumalizia. Sajini alisimama mlangoni.

Joséline alianza kwa mambo ambayo Thierry alikwisha yasema mwenyewe. Hukuiona maiti? Hakuiona. Redio ilisema Ruphin? Ilisema Ruphin. Na kuhusu mabadilishano ya zamu, uliambiwa? Hakuambiwa. Basi jana jioni, ulipoingia humu, uliamini aliyekufa ni nani?

"Ruphin," alisema Thierry. "Kama batu bote."

"Na mjane ni nani?"

"Mama huyu, Falonne."

"Basi kwa nini ulimtoa Jeannine jikoni?"

Thierry alisema alimwona amechoka. Joséline akamwita Nasra, naye akaja na tumbo lake mbele, mkono kiunoni.

"Aliyechoka ni huyu," Joséline alisema. "Alikuwa ameegemea ukuta. Wewe ulimpa huyu upawa, ukamwambia Jeannine leo usipike, ukamketisha mahali pa mfiwa. Wanaume wote walibaki koridoni. Wewe ulivunja adabu ya jikoni ili ulinde adabu nyingine. Ipi?"

Thierry alifungua Biblia, akaifunga. Wazee wa kanisa walitazama sakafu. Sajini, ambaye alikuwa ametafsiriwa kila neno, aliacha kuegemea mlango. Labda mambo yangeishia hapo, maana mtu mwenye Kiingereza kizuri na wakili angeweza kuyakana yote. Lakini Jeannine aliinua uso.

"Shefu," aliuliza, "alisema kitu? Kabla ya kufa, alisema kitu?"

Hakumtukana, wala hakumshutumu. Aliuliza kama mtu anayeulizia msafiri aliyeondoka bila kuaga. Thierry alijaribu kumtazama akashindwa.

"Alisema jina yake," alijibu. "Nilimushika hapa, kifuani. Namwambia, Ruphin, ngoja mwaka moja. Ananiambia, miye si Ruphin, miye ni Placide. Namwambia, utatufukuzisha wote. Batanifunga. Anasema tena, miye ni Placide. Njo nilimusukuma. Sikutaka afe, Mama Gaëlle. Nilitaka anyamaze."

Yaliyobaki yalitoka yenyewe. Placide alikuwa amemjia kwa heshima, juu ya ngazi, kumwarifu kabla ya kwenda ofisi kuu. Thierry alijua kwamba ofisi ingemuuliza Placide amefanya kazi wapi na chini ya nani, na jibu lingeangusha majina yote aliyoyapanga, manane kwa jumla, na yeye juu yao. Alipoona hapumui alichukua simu, kwa sababu ndani yake mlikuwa na ujumbe wao. Kamera hazikumtisha, alizijua. Sajini aliikuta simu siku hiyo hiyo katika kabati la Thierry stesheni, imefungwa ndani ya soksi. Twalib akaachiwa jioni, bila meza yake na bila mtu wa kumwomba radhi.

Joséline alikwenda nyumbani amekasirika, na hasira yenyewe haikuwa na pa kwenda. Katika mambo yote aliyoyafanya Thierry tangu Jumamosi, lililomkamatisha lilikuwa lile moja la utu. Angemwacha mjane apike, angekuwa huru.

Jumatatu, kwenye nyumba ya maiti, watu walikaa kwenye benchi za chuma wakingoja kuitwa. Jeannine alikaa na Gaëlle upande mmoja na Joséline upande wa pili. Karani alitoka akaita familia ya Ruphin. Jeannine hakusimama. Karani akaita tena, kwa sauti zaidi, na watu wakaanza kutazamana. Gaëlle alimvuta mama yake mkono akamnong'oneza kwa Kiingereza kwamba ni wao. Jeannine alitikisa kichwa, akabaki anatazama ukuta.

Wakati huo Ruphin aliingia na Sajini. Mkewe hakuwa naye. Falonne alikuwa amemwambia kwamba akiapa asirudi nyumbani. Alikwenda moja kwa moja dirishani, akavua kofia, akaapa mbele ya Sajini kwamba beji ilikuwa yake na mtu hakuwa yeye. Akaweka sahihi. Sajini alimwambia, bila ukali, kwamba watu wa uhamiaji watamwita wiki ijayo. Ruphin alisema anajua. Hakuja kwenye benchi. Alisimama karibu na mlango, kofia mkononi.

Karani alifuta, akaandika, akagonga muhuri. Alikuwa na foleni ndefu na hakupenda kurudia kazi. Kisha akatoka tena, akalisoma jina jipya polepole, kwa kuwa lilikuwa geni kinywani mwake.

"Familia ya Placide."

Jeannine akasimama.